Dakika Kumi Bila Kugusa

Ofisi yetu iliacha kukutanisha wagomvi katika chumba kimoja siku bwana mmoja alipompiga shemeji yake kwa mashine ya kubania karatasi. Shemeji alitoka na pini mbili sikioni, na zulia likabaki na doa ambalo mpaka leo tunalifunika kwa kiti. Wakili, ambaye anavumilia mengi lakini si damu kwenye zulia, alimwita fundi wa kompyuta akamwambia, "Nataka watu wagombane bila kuonana."

Fundi akakuna kidevu. "Hilo, mheshimiwa, watu wanalifanya kila siku kwenye simu zao, tena bure. Lakini nitakufungia la kwako."

Akafunga. Kompyuta moja chumba cha kulia, moja chumba cha kushoto, na ya tatu mezani kwangu, kwenye ukumbi mwembamba tunaouita mapokezi ili kuupa moyo. Ukurasa wa kuandikia ni mmoja, unafunguka kwenye skrini zote tatu. Anachoandika wa kulia kinatokea papo hapo kwa wa kushoto, herufi baada ya herufi. Wa kulia ana kijiti chekundu kinachopepesa pale anapoandika, na maneno yake yanakuja mekundu. Wa kushoto ana cha buluu. Mimi sina rangi. Mimi ni karani.

Sheria za wakili zilikuwa mbili kwa wateja na moja kwangu. Kwanza, kila upande uandike unachotaka kwenye ukurasa huohuo, na unaruhusiwa kufuta cha mwenzako. Pili, ukurasa ukikaa dakika kumi bila mtu kuugusa, basi kilichomo ndicho makubaliano, nami nauchapa. Yangu mimi ilikuwa hii: karani anafundisha mashine, hafundishi watu. Haongezi neno, hapunguzi neno, habebi habari kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Hiyo alinisomea mara mbili, na mara ya pili alivua miwani.

Alikuwa na sababu. Nimefukuzwa kazi mara tatu, zote kwa kosa la kusaidia. Ya mwisho nilimwambia mgonjwa majibu yake kabla daktari hajamwambia. Yalikuwa majibu mazuri, lakini hayakuwa yangu kuyatoa.

Siku ninayoisimulia walikuja ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Wa kwanza kufika alikuwa dada, fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye kidole gumba kilichotobolewa na sindano mpaka kikafa ganzi. Mtaani wanamwita Bi Pindo. Nilimkuta mlangoni kabla sijafungua, ameketi kwenye ngazi na mkoba mapajani.

"Hajafika?" akauliza.

"Nani?"

"Huyo."

"Kaka yako?"

"Mimi nimesema huyo."

Nikamwingiza chumba cha kulia. Robo saa baadaye akaja kaka mtu, dereva wa lori, mrefu, mwenye sauti ya kuzoea kushindana na injini. Wenzake wanamwita Breki.

"Karani, hujambo? Yupo?"

"Yupo nani?"

"Yule wa cherehani."

Nikamwingiza kushoto. Mwaka mmoja na nusu walikuwa hawajasemezana. Wanaishi nyumba moja aliyowaachia baba yao, yeye Breki na familia yake nyuma, Bi Pindo mbele, na salamu zinapita kwa watoto kama barua.

Ugomvi ulikuwa chumba cha mbele. Ndicho Bi Pindo anachoshonea, kina mlango wa barabarani na cherehani mbili. Breki alitaka kukivunja ili apanue geti, lori liingie ndani, maana nje wezi walikuwa wameshalinyonya dizeli mara nne. Baba yao alikufa bila kuandika kitu. Saa nane mchana wakili angekuja kuchukua karatasi aipeleke kwa hakimu. Kama wamekubaliana, hakimu anagonga muhuri. Kama hawajakubaliana, hakimu anafuata ramani ya mpimaji, na kwenye ramani mstari ulikuwa umepita mahali ambapo chumba cha mbele kiliangukia kwa kaka. Kwa hiyo Breki angeweza kukaa tu, akangojea saa nane huku akinywa chai. Bi Pindo ndiye aliyehitaji maneno.

Nilianza kumfundisha Breki.

"Umewahi kutumia kompyuta, mzee?"

"Nimeendesha trela ya magurudumu kumi na nane kwenye matope. Hii itanishinda?"

"Hii haina usukani."

"Ndiyo maana haina heshima." Akaweka kidole kimoja, cha shahada, juu ya kibodi. "Binti yangu amenifundisha ya nyumbani. Kuandika, unabonyeza. Ukikosea, unakwenda na mausi huku juu, kwenye kishale hiki kilichopinda kushoto. Hii ndiyo rivasi. Unarudi nyuma mpaka kosa lako linatoka."

"Sawa kabisa," nikasema, nikamwona mwelewa, nikaondoka.

Haikuwa sawa kabisa. Nyumbani kwake Breki anaandika peke yake, kwa hiyo kishale kile kikirudisha tendo la mwisho, tendo la mwisho ni lake. Kwenye ukurasa wetu waandishi ni wawili, na kishale ni kimoja. Kinarudisha tendo la mwisho la ukurasa, awe amelitenda nani. Fundi alinieleza hayo siku ya kwanza, nami nikaitikia kwa kichwa, kama wanavyoitikia watu wanaotaka fundi aondoke wale.

Saa tatu nikawafungulia ukurasa, nikakaa mezani kwangu kutazama.

Bi Pindo anaandika upesi. Miguu yake imezoea pedali na mikono haipendi kuachwa nyuma. Kijiti chekundu kikakimbia: *Chumba cha mbele ni changu kwa sababu nimekifanyia kazi miaka kumi na tisa, na sare ya kwanza niliyoshona humo ilikuwa yake ya udereva.* Huku chini kijiti cha buluu kilikuwa kimetoa *Lpri langu.*

Breki akaona kosa. Akapanda juu kwenye rivasi yake, akabonyeza. Tendo la mwisho la ukurasa lilikuwa la dada yake. *Yake ya udereva* ikatoweka. Yeye macho yake yalikuwa kwenye *Lpri*, nayo bado ipo. Akabonyeza tena. *Niliyoshona humo ilikuwa* ikaondoka. Akabonyeza, akabonyeza, akabonyeza, kama mtu anayerudi nyuma akitazama kioo kimoja tu, na sentensi ya dada yake ikaliwa kuanzia mkiani mpaka ikabaki *Chumba cha mbele ni changu*, kisha *Chumba*, kisha hakuna. Ndipo *Lpri* ikaondoka. Akaandika *Lori*, safi. Nikamsikia akisema ukutani, "Hapo sasa."

Bi Pindo akaandika tena sentensi yake yote. Buluu ikakosea *dizeli*. Nyekundu ikaliwa tena.

Mara ya tatu akaandika kwa herufi kubwa: UNAFUTA MIAKA YANGU. Buluu ikakosea *barabarani*, neno lenye mitego mingi kwa mtu wa kidole kimoja. Herufi kubwa nazo zikaenda.

"Karani!" Bi Pindo alikuwa mlangoni kwake. "Huyu mtu anafuta!"

"Naona, mama."

"Anafutaje haraka hivyo? Mimi nafuta herufi moja moja kama nachambua mchele, yeye anachukua mstari mzima!"

Hilo lilikuwa swali la mashine. Nilijiuliza kwanza, nikajijibu kwamba ni la mashine, nikaingia nikamwonyesha kishale cha kushoto. Akabonyeza mara moja kujaribu. Maneno matatu ya buluu yakaanguka.

"Kumbe ni kufumua," akasema.

"Ndiyo hivyo."

"Ungesema mapema. Kufumua nakujua."

Ikawa vita. Alijifunza kuvizia: anamwacha kaka aandike, kijiti cha buluu kikitulia, anafumua. Kaka naye akikosea herufi moja, anapiga rivasi, anaondoka na alichokikuta njiani. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Ukurasa ulikuwa kama nguo inayoshonwa huku ikifumuliwa kule, na nguo yenyewe haizidi kiganja. Kwa upande wangu ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilifungua barua, nikamjibu mtu wa maji, nikachonga penseli nne. Sina ndugu katika kesi za watu.

Saa sita niliwapelekea chai. Kwa Breki nilikuta jasho.

"Karani, mashine yenu mbovu. Naandika, inakula."

"Inakula nini?"

"Maneno! Naweka mstari mzuri, nikipumua kidogo, haupo. Au ni yeye?"

Sikujibu, hiyo ni habari ya chumba kingine. Lakini sikuondoka pia. Nilisimama nyuma yake na sinia, nikamtazama akiandika. Akakosea. Akapanda kwenye rivasi, akabonyeza mara tano bila kuinua macho kutoka kwenye kosa lake, na juu kabisa ya ukurasa nikaona sare ya udereva ikiondoka, kisha miaka, kisha chumba. Hakuiona kabisa. Hakuwa ameisoma hata mara moja. Asubuhi nzima kila alipokosea alikuwa anaanza na mkia wa sentensi ya dada yake, na mkia ndio uliomtaja yeye.

Nilimwekea kikombe chake mezani, nikabaki na sinia.

"Mzee," nikasema, "kuanzia sasa usiguse rivasi. Ukikosea, tumia kitufe hiki kikubwa hapa pembeni. Kinafuta herufi moja, ya kwako."

"Na rivasi?"

"Iache."

"Dereva asiye na rivasi ni abiria."

"Leo kuwa abiria."

Akanitazama kama anavyomtazama trafiki aliyemwandikia bila kosa, lakini akaondoa mkono kwenye mausi. Sikumwambia kwa nini. Ningemwambia kwa nini, ningekuwa nimembebea habari. Nikawa nakwenda kwa Bi Pindo nikamfundishe na yeye vilevile, ili mambo yawe sawasawa, simu ikalia mezani. Wakili.

"Wamefika wapi?"

"Wapo kwenye chumba cha mbele."

"Tangu saa tatu?"

"Tangu saa tatu, mheshimiwa."

"Ngoja nikwambie jambo la kufanya kama saa saba ikifika," akasema, na wakili akisema ngoja nikwambie, weka kiti. Akaniambia habari za mihuri, za karatasi nzito na karatasi nyepesi, za faili la kijani, akakata akaongea na mtu mwingine huko mahakamani, akarudi, akaanza upya. Saa saba ikafika tukiwa bado kwenye simu. Mimi nilikuwa natazama skrini.

Bi Pindo aliandika sentensi yake mara nyingine, nafikiri ya saba. Safari hii haikuliwa. Kijiti cha buluu kilikosea, kikasogea nyuma herufi moja, kikasahihisha. Sentensi nyekundu ikabaki nzima, na mkia wake. Kisha kijiti cha buluu kikasimama mahali pamoja, kikapepesa tu, dakika moja, dakika mbili. Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona Breki ameinamia skrini, midomo inakwenda polepole, kama anavyosoma mtu aliyeacha shule kufuata magari.

Kisha akaanza kufuta kwa kitufe kikubwa. Alifuta dizeli yake, akafuta barabara yake, herufi moja moja, akamaliza malalamiko yake yote. Akaandika kwa kidole chake kimoja: *Chumba cha mbele abaki nacho dada. Lori nitaomba kuweka kwa jirani wa nyuma.* Ilimchukua dakika sita. Jirani wa nyuma, nilijua kutoka kwenye faili, ni mtu ambaye Breki hawezi kumwomba hata kiberiti.

Kijiti cha buluu kikatulia.

Chumba cha kulia Bi Pindo alikuwa ameegemea kiti, uso umeelekea ukutani, mkono mmoja kwenye mausi. Baada ya saa nne za vita hakuwa anasoma tena buluu. Buluu ilikuwa buluu tu. Aliona kwa pembe ya jicho kwamba kijiti kimetulia, akapeleka mausi juu, akafumua. *Kwa jirani wa nyuma* ikaondoka. *Lori nitaomba kuweka* ikaondoka. *Abaki nacho dada.* Mara tano, kwa mkono uliochoka, huku anatazama ukuta. Buluu yote ikaisha.

"Halo?" alisema wakili. "Kijani, siyo njano, umesikia?"

"Nitakupigia," nikasema, nikamkatia simu wakili kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.

Kuna kishale cha pili, kilichopinda kulia. Kinarudisha alichoondoa cha kushoto. Hilo nalo fundi alinieleza, na hili nililishika kwa sababu alilirudia akininyooshea bisibisi: kinarudisha, ili mradi hakuna aliyeandika kitu kipya. Herufi moja ikiguswa, na yeyote kati yao, hata nafasi tupu, basi kilichoondolewa kimeondoka moja kwa moja. Na mimi mwenyewe nilikuwa na kompyuta ya tatu mbele yangu, na kishale cha kulia pale juu, na kidole. Nilikitazama kidole. Kubonyeza kungekuwa ni ofisi kuandika ndani ya makubaliano ya wateja, na hakimu akijua, karatasi inachanwa, mimi nafukuzwa mara ya nne, na chumba kinafuata ramani.

Chumba cha kushoto kiti kikasukumwa nyuma. "Haya!" Breki alisema kwa sauti. "Haya basi! Kama hataki, hataki!" Alikuwa ameona neno lake likifutwa, na alijua aliyelifuta. Sasa angeandika. Lakini Breki akitaka herufi anaitafuta kwanza kama anatafuta nyumba asiyoijua. Bi Pindo hatafuti. Nikaanza na Bi Pindo.

Nilichukua kikombe changu cha chai kutoka kwenye sinia mezani kwangu, nikaingia kwake, nikakisukuma mikononi mwake.

"Shika."

"Nimeshakunywa."

"Shika hivyohivyo. Kwa mikono miwili, kimejaa."

Akakishika kwa mikono miwili, zaidi kwa mshangao. Nikatoka, nikavuka ukumbi. Kidole cha Breki kilikuwa kinaning'inia juu ya kibodi, kinazunguka kama mwewe.

"Usiguse, mzee!"

"Kwa nini?"

Nikasema la kwanza lililonijia. "Imechemka."

"Nini, mashine?"

"Imechemka."

Akaondoa mkono mara moja, hata akasogeza kiti nyuma. "Si niliwaambia mbovu? Tangu asubuhi nasikia feni yake inalia. Usiiwashe mpaka ipoe, mtaua injini."

"Ndiyo hivyo. Usiguse mpaka nikwambie."

"Mimi? Nimeshaua injini moja maishani, imetosha."

Nikarudi kulia. Bi Pindo alikuwa bado na kikombe.

"Mama, kuna kishale sijakufundisha. Ni kosa langu. Hiki cha kulia."

"Kinafanya nini?"

"Kinashona tena ulichofumua."

"Nishone tena maneno ya huyo? Ya nini?"

"Sijui ya nini. Nafundisha mashine."

"Sitaki. Mashine yako nimeshaijua." Akatafuta mahali pa kuweka kikombe, na mahali palipokuwa wazi ni mbele ya kibodi, kiwiko chake kikiwa karibu kabisa na vitufe. Nikakiwahi kikombe, nikakishika na yeye, tukawa wawili tumeshika kikombe kimoja kama tunakunywa kiapo.

"Una nini leo, mwanangu?"

"Bi Pindo, nikuulize kitu cha kazi yako. Nguo ikirudishwa kwako, unaifumua umetazama wapi?"

"Swali gani hilo? Natazama mshono."

"Hutazami ukuta?"

"Nitazame ukuta nitoboe kitambaa cha watu?" Alinitazama, akatazama skrini, akatazama ukuta. Ni mtu ambaye ukimtukana atakusamehe, lakini ukiigusa kazi yake hatalala. "Mimi," akasema taratibu, "nafumua nimetazama."

Nilibaki na kikombe. Yeye akachukua mausi, akapanda kwenye kishale cha kulia, akabonyeza.

*Chumba cha mbele.*

Akabonyeza. *Abaki nacho dada.*

Akabonyeza mara tatu zaidi, mpaka jirani wa nyuma akarudi na nukta yake. Maneno ya buluu yakakaa chini ya maneno yake mekundu. Alisoma. Alirudia kusoma, safari hii kwa kidole kwenye skrini, akaacha alama ya jasho juu ya *dada*.

"Hii imeandikwa saa ngapi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Ameandika yeye?"

"Ni rangi gani, mama?"

"Buluu."

"Basi."

"Na mimi nimeifumua."

Hapo pia sikuruhusiwa. Upande wa pili wa ukumbi Breki alikuwa anaikodolea macho skrini, mikono mapajani. Kwake yeye mambo yalikuwa yameonekana hivi: ametoa neno, dada amelikataa, kisha dada mwenyewe amelirudisha. Sijui alifikiri nini. Alikohoa.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na dakika arobaini na mbili. Wakiacha ukurasa kama ulivyo, saa saba na hamsini na mbili ungekuwa umekubaliwa, na chumba ni cha Bi Pindo. Hakuwa na sababu ya kugusa kitu. Nilikuwa nimeshageuka niende kuweka karatasi nzito kwenye printa niliposikia vitufe, upesi, kama mvua juu ya mabati. Nikarudi mbio mezani.

Kijiti chekundu kilikuwa kimeshuka kwenye mstari wa kaka. Kilimfuta jirani wa nyuma. Kikafuta *nitaomba*. Nikaweka mkono kichwani, nikasema kimoyomoyo, watu wengine wamezaliwa kushindwa. Kisha kikaandika: *Lori liingie ndani. Geti lipanuliwe upande wa pili, karo langu la kufulia livunjwe.*

Kikasimama. Saa saba na dakika arobaini na saba.

Karo ndipo anapofulia vitambaa kabla ya kuvikata, lina bomba lake na jiwe lake. Mwaka mmoja na nusu hakuna aliyelitaja, kwa sababu kulitaja kungehitaji watu wawili wasimame uani pamoja.

"Karani!" Breki akaita. "Injini imepoa?"

"Bado!"

"Nataka kuandika neno moja tu!"

"Neno gani?"

"Sawa!"

"Ukiandika sawa, dakika kumi zinaanza upya, na wakili yuko njiani. Kwa mashine hii, sawa yake ni kutogusa!"

"Sheria ya ajabu," akasema, kisha nikaona ameinuka, ameweka mikono yake chini ya mapaja, ameikalia.

Dakika ya tatu inzi alitua kwenye kibodi yake. "Karani! Inzi!" "Mpulize!" "Akikanyaga herufi?" "Inzi hana uzito, mzee!" "Una hakika?" Sikuwa na hakika. Akampulizia kwa mbali, kwa heshima, mpaka akaruka. Bi Pindo upande wake alikuwa ameweka kibodi juu ya kabati, akakaa mbali nayo, amekunja mikono, anatazama skrini. Ukuta hakuutazama tena.

Saa saba na hamsini na saba nikauchapa. Nakala mbili. Wakili aliingia saa nane kasoro dakika moja, ananuka vumbi la mahakama, akasoma amesimama.

"Sare ya udereva? Inafanya nini kwenye hati?"

"Ilikuwepo, mheshimiwa. Haikuguswa dakika kumi."

Akanitazama juu ya miwani. "Na wewe hukugusa?"

"Nilifundisha mashine."

"Na simu ulinikatia."

"Mashine ilichemka."

Akaguna, akaenda kusainisha chumba cha kulia, kisha cha kushoto, akaweka karatasi kwenye faili la kijani, akashuka.

Vyumba vyetu viwili vina ngazi moja. Ndugu wakatoka pamoja wakakutana mbele ya meza yangu, kila mmoja akimpisha mwenzake bila kumtazama.

"Neno langu ulilifuta kwanza," Breki akaliambia kabati.

"Nani? Mimi? Na wewe uliyefuta miaka kumi na tisa tangu asubuhi?"

"Mimi sijafuta hata nukta! Muulize karani!"

"Karani haruhusiwi kusema, muulize wewe!"

Wakanigeukia wote wawili. Nikachukua penseli, nikaichonga.

"Unaona?" akasema Bi Pindo. "Ana aibu kukwambia."

"Ana aibu kukwambia wewe! Tangu utoto ukivunja kikombe, ni paka!"

"Alikuwa paka!"

Wakashuka ngazi hivyo, wanapokezana, sauti ya kaka kubwa na ya dada nyembamba, mpaka mtu wa ghorofa ya chini akafungua mlango kutazama nani anapigwa. Nilipokwenda dirishani kushusha pazia, walikuwa wameshafika barabarani kwenye lori. Bi Pindo alikuwa ametoa mkobani utepe wake wa kupimia viuno vya watu, ameukaza kwenye bampa, Breki ameshika ncha nyingine.

"Futi saba na nusu!" dada akasema. "Geti liwe futi nane."

"Nane, halafu nipite na vioo?"

"Vioo gani?"

"Lori lina vioo, mdogo wangu. Viwili."

Akatazama juu, akaviona. Wakaanza kupima upya.